Waya Mmoja, Mdomo na Sikio

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Msemo huo umetusaidia kuamua mambo mengi ya nyumbani na ya utawala, lakini upo mtambo mmoja ambao umeukaidi kwa zaidi ya miaka mia moja, nao ni redio ya kusemeana, ile ambayo wengi wetu tuliizoea kwa jina la redio ya upepo. Ndani yake wamo mafahali wawili. Mmoja kazi yake ni kurusha sauti hewani. Wa pili kazi yake ni kudaka sauti zinazotoka mbali. Zizi lao ni moja, yaani waya uleule wa antena uliofungwa kutoka mwembe hadi kwenye nguzo. Namna wawili hao walivyofundishwa kukaa pamoja ni habari ninayotaka kuieleza katika kurasa hizi, kwa kuwa naona inatuhusu sisi watu wa kusini kuliko inavyodhaniwa.

Sisi tuliokulia upande wa Lulindi, kati ya Masasi na Newala, tuliijua kanuni yake kabla hatujaiona redio yenyewe. Juu katika uwanda wa Makonde watu walikaa kwenye ardhi nzuri ya kulima isiyo na maji, na maji yalikuwa chini mabondeni. Kwa vizazi vingi akina mama waliteremka na kupanda kwa njia nyembamba zilizokatwa kwenye mteremko. Njia ni moja, na haichagui anayekwenda wala anayerudi. Lakini hawawezi kupita wote wawili kwa pamoja mahali palipobana. Basi ikawa desturi kwamba anayeshuka na mtungi mtupu husimama pembeni, akampisha anayepanda na maji kichwani.

Antena nayo ni njia ya namna hiyo. Waya unaorusha vizuri kuelekea upande fulani husikia vizuri kutoka upande huohuo, na urefu unaoufaa kwa kurusha ndio unaoufaa kwa kupokea. Kwa masafa ya megahezi 5, ambayo ni mfano wa masafa yanayofaa kwa mazungumzo ya vituo vilivyo mamia ya kilomita mbali, waya wa nusu wimbi huwa na urefu wa meta 28 na nusu hivi. Mtu akishaukata na kuutundika sawasawa, hana haja ya waya wa pili. Kazi yote iliyobaki ni ile ya kupishana.

Ugumu wa kupishana huko umo katika tofauti ya nguvu. Redio ya kawaida ya hospitali ya vijijini hurusha kwa nguvu ya wati 100 hivi, sawa na balbu kubwa ya zamani. Sauti inayofika kutoka kituo cha mbali, hata ikiwa ni sauti inayosikika vizuri sana, huwa na nguvu ya wati moja iliyogawanywa mara bilioni 20. Kwa hiyo kinachotoka ni kikubwa kuliko kinachoingia kwa mara trilioni 2. Mtu apigaye ngoma kuu ya jando hawezi wakati huohuo kumsikia chungu akitembea juu ya jani, na hiyo bado ni tofauti ndogo kuliko hii ninayoisema. Mtambo wa kupokea ukiachwa wazi wakati wa kurusha, hauishii kuwa kiziwi tu, bali sehemu zake laini zinaweza kuungua. Kwa ufupi, hatari kubwa ya sikio la redio ni mdomo wake wenyewe.

Marconi na wenzake walilifahamu jambo hili mapema. Baada ya majaribio ya Italia na Uingereza katika miaka ya 1890, simu ya upepo ilipoanza kufungwa katika meli, fundi alikuwa na swichi kubwa ya mkono mbele yake. Akiisukuma upande mmoja, antena iliungana na mtambo wa kurushia. Akiirudisha, antena iliungana na mtambo wa kupokea. Hakukuwa na namna ya kumkatiza mwenzako katikati ya maneno yake, maana wakati anasema hakusikii. Wenye fedha nyingi walitafuta njia nyingine, nayo ni kuwatenga mafahali wale kabisa. Kampuni ya Marconi ilipojenga kituo chake kikubwa karibu na Carnarvon, katika nchi ya Wales, mwaka 1914, kituo cha kupokelea kiliwekwa Towyn, makumi ya kilomita mbali, ili kurusha na kupokea kwenda pamoja. Hiyo ni dawa ya tajiri. Anayemiliki waya mmoja na mwembe mmoja hana budi kujifunza kupisha.

Habari hizo za Ulaya ziliifikia nchi yetu kwa mlango wa ukoloni. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walikuwa na vituo vya simu ya upepo Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam. Mnamo tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Waingereza iitwayo Astraea ilifika Dar es Salaam kukishambulia kituo, na mnara ule ukapotea katika siku za mwanzo kabisa za vita. Baadaye mwezi huohuo Wajerumani wenyewe walikivunja kituo chao kikuu cha Kamina, huko Togo, ili kisiangukie mikononi mwa adui. Kamina ndiyo iliyokuwa kiungo kati ya makoloni ya Afrika na Berlin. Tangu hapo jeshi la Lettow-Vorbeck liliweza kudaka baadhi ya habari zilizorushwa kwa nguvu kutoka Nauen, karibu na Berlin, lakini halikuwa na mtambo wa kufikisha jibu Ujerumani. Lilikuwa na sikio lisilo na mdomo.

Mwaka 1917 vita viliwafikisha askari hao katika uwanda wetu. Walirudi nyuma kupitia nchi ya Masasi na Newala, na huku nyuma Ujerumani iliamua kuwapelekea msaada kwa njia ambayo hakuna aliyewahi kuijaribu. Tarehe 21 Novemba 1917 zepelini L 59, chombo cha angani mfano wa puto lenye urefu wa zaidi ya meta 220, kiliondoka Jamboli, nchini Bulgaria, chini ya Kapteni Ludwig Bockholt. Kilibeba tani 15 hivi za risasi, bunduki na dawa. Kilikusudiwa kushuka katika uwanda wa Makonde na kutorudi tena, na hata kitambaa cha mwili wake kingegeuzwa mahema na bendeji.

Kilivuka bahari ya Mediterania, kikaingia jangwani. Huko injini moja ikaharibika, na kwa bahati mbaya ndiyo iliyokuwa ikiendesha mtambo wa umeme wa kurushia simu. Kuanzia saa ile L 59 iliweza kusikia lakini haikuweza kusema. Waya ulikuwepo, ukining'inia angani vilevile, na upande mmoja wa kazi yake ulikuwa mzima. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba, chombo kikiwa upande wa magharibi wa Khartoum, amri ilisikika kutoka kwao: acheni safari, rudini. Ujumbe ulieleza kwamba adui ameshika sehemu kubwa ya uwanda wa Makonde, na tayari yuko Kitangari.

Ndugu msomaji, hebu fikiri jina la Kitangari, mji wetu mdogo wa njia ya Newala, likisafiri hewani hadi juu ya jangwa la Sudan! Bockholt hakuwa na namna ya kuuliza swali. Hakuweza kusema: mna hakika? Lettow yuko wapi sasa? Je, pana mahali pengine pa kushukia? Baadaye ulizuka uvumi kwamba ujumbe ule ulikuwa hila ya Waingereza, lakini ulitoka kwa Wajerumani wenyewe. Uvumi hustawi sana mahali ambapo anayesikia hana uwezo wa kuuliza. Akageuza chombo. Kilifika tena Jamboli tarehe 25 Novemba, baada ya saa 95 angani na safari ya kilomita 6,757. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck, asiyejua lolote kuhusu msaada uliokuwa njiani, alikuwa akivuka mto Ruvuma na kupigana na Wareno huko Ngomano.

Vitabu vingi husimulia safari hiyo kama ajabu ya urubani. Mimi nikiisoma nawaza watu wengine. Katika vita hivyo makumi ya maelfu ya wapagazi Waafrika walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu, pande zote mbili. Vyakula vya wenyeji vilichukuliwa. Kitangari ilitajwa na mtambo wa Ulaya, lakini hapakuwa na mtu wa Kitangari aliyekuwa na mahali pa kusemea neno lake. Jeshi la Wajerumani lilikuwa na sikio bila mdomo kwa miaka mitatu, na historia imelihurumia kwa ajili hiyo. Wanyeji wa uwanda walikuwa katika hali hiyo tangu mgeni wa kwanza alipofika na amri yake.

Utangazaji wa redio ulipoanza Dar es Salaam mwaka 1951, hali hiyo haikubadilika mara moja. Ulikuwa jambo jema, nami sitaki kulibeza. Tulipata habari, nyimbo, elimu ya kilimo na salamu za wagonjwa. Lakini redio ya betri iliyowekwa dirishani husikia tu. Mkulima wa korosho aliyesikia bei ya zao lake ikitangazwa hakuweza kuijibu.

Mahali ambapo kusini ilipata mdomo wake wa kwanza hewani, kwa maoni yangu, ni katika huduma za tiba. Daktari Leader Stirling, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, alifika katika misheni ya UMCA huko Lulindi mwaka 1935 akafanya upasuaji katika majengo ya miti, udongo na nyasi. Wakati ule habari ya mgonjwa ilikwenda kwa miguu ya ndugu zake, au pamoja na mgonjwa mwenyewe juu ya machela. Lakini miaka sita kabla ya hapo, yaani mwaka 1929, huko Australia fundi Alfred Traeger alikuwa ameanza kuwafungia wafugaji wa mbali redio iliyopata umeme kwa kukanyaga pedeli kama za baiskeli, ili waweze kumwita daktari. Wazo hilo lilifika Afrika Mashariki kwa kuchelewa. Mwaka 1957 madaktari Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walianzisha huduma ya madaktari warukao yenye makao Nairobi, ile tunayoifahamu leo kwa jina la AMREF, na redio za kuziunganisha hospitali za mbali zikawa sehemu ya kazi yake. Misheni na hospitali za serikali nazo zikafunga za kwao.

Watu wa rika langu wanazikumbuka redio hizo. Sanduku la chuma juu ya meza, betri ya gari chini yake, maikrofoni yenye kidude cha kubonyeza pembeni. Ndani ya sanduku swichi kubwa ya Marconi ilikuwa imekuwa ndogo, ikaitwa rilei. Ukibonyeza kidude, sumaku ya umeme huvuta ulimi mdogo wa chuma, ukasikia mlio wa "tak", na antena ikahama kutoka kwenye kupokea kwenda kwenye kurusha. Ukiachia, springi huurudisha ulimi mahali pake. Ndiyo maana kila aliyemaliza kusema alisema "ova". Wengine walilichukua neno hilo kuwa madaha ya Kizungu. La hasha! Ilikuwa ni kumjulisha mwenzako kwamba sasa umefungua sikio. Bila neno hilo watu wawili wangeweza kusemeshana kwa dakika nzima, kila mmoja akiwa kiziwi.

Naam, niliona pia jinsi mambo yanavyokuwa kupisha kunaposhindikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa karani kijana katika hospitali moja ya kusini, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kuandika ujumbe wa redio wa saa nne asubuhi. Siku moja ya mvua tulifungua tukakuta masafa yamejaa sauti za chumba cha watu: kiti kikikokotwa, mlango ukigongwa, watu wakicheka, santuri ikipigwa kwa mbali. Kituo kimoja, ambacho sina haja ya kukitaja, kidude chake cha maikrofoni kilikuwa kimenasa chini ya kitu, nao wenyewe hawajui. Muuguzi mkuu aliwaita kwa jina mara nyingi, na vituo vingine vikawaita. Wasingeweza kusikia, kwa sababu mtambo wao ulikuwa umeshika upande wa kusema. Jambo lililonikaa moyoni ni hilo, kwamba mtu pekee aliyeweza kuuondoa usumbufu ndiye pekee asiyeweza kuambiwa.

Hali ile iliendelea kwa karibu saa mbili. Ilipokoma, sauti ya kwanza iliyoingia ilikuwa ya zahanati moja ya bondeni. Walikuwa wakituita tangu saa nne kwa ajili ya mama aliyekuwa na uchungu kwa siku ya pili. Landrova iliondoka papo hapo, ikapambana na tope, ikarudi naye usiku. Mama alipona. Mtoto hakupona. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwamba saa mbili zile zingemwokoa, na muuguzi mkuu alituonya tusiseme hivyo mbele ya mzazi.

Baadaye nilipata kusoma zaidi kuhusu njia ambazo wahandisi wamezitafuta ili kuondokana na zamu hizo. Ya kwanza ilitokana na rada. Mwangwi wa rada kutoka kitu kilicho kilomita 15 hurudi baada ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, na hakuna ulimi wa chuma unaoweza kuhama kwa wepesi huo. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa maabara ya jeshi la majini la Marekani walifanikiwa kutumia antena moja kwa rada, na katika Vita vya Pili ikaenea njia ya kuweka bomba dogo la gesi mbele ya sikio. Nguvu ya kurusha yenyewe huwasha gesi ile, na gesi ikiwaka huziba njia ya kupokea. Nguvu ikikoma, gesi huzimika, njia ikafunguka. Mdomo hufunga sikio lake kwa kelele zake wenyewe.

Njia ya pili ni ya kuchuja. Mtambo wa kurudishia mawimbi uliofungwa juu ya mlima hupokea kwa masafa fulani na kurusha kwa masafa mengine, wakati uleule na kwa antena ileile. Kati ya mitambo na antena huwekwa makopo marefu ya chuma yaliyopimwa kwa uangalifu, yaitwayo dupleksa. Kila kopo hupitisha masafa yake na kuyazuia ya mwenzake, kama chekecheo linalopitisha unga na kuzuia pumba.

Simu za mkononi, zilizoanza Dar es Salaam mwaka 1994 na kuchukua miaka kadhaa kabla ya kuenea huku kwetu, zilirithi hekima hizo zote. Watu hudhani simu ya mkononi imefuta zamu. Katika simu za mfumo wa GSM, zile za kizazi cha pili, zamu haikufutwa bali ilifichwa. Simu hurusha kipande kifupi, hunyamaza, hupokea kipande kifupi, kisha hurusha tena, mara 217 hivi kwa kila sekunde, nasi tunaosema hatuoni pengo lolote. Minara na simu za mifumo ya baadaye hutumia vichujio.

Njia ya tatu ndiyo inayonipendeza zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kwamba redio inaweza kusema na kusikia kwa wakati mmoja na kwa masafa yaleyale, jambo ambalo vitabu vya zamani vililiona haliwezekani. Siri yao ni kwamba redio inajua kile inachokisema yenyewe. Ikitengeneza nakila ya sauti yake na kuitoa katika kile inachokisikia, kinachobaki ni sauti ya mwenzake. Kwa maneno mengine, chombo kinachoijua vizuri sauti yake ndicho kinachoweza kusikia ya mwingine bila kunyamaza. Katika majaribio yao ya kwanza walitumia antena zaidi ya moja, na kazi ya kuifanya antena moja itoshe ikafuata.

Binadamu wachache sana wamefika hapo. Sisi wengine bado tuko katika zama za rilei, nami naona si vibaya. Nimehudhuria mikutano mingi ya vijiji, ya vyama vya msingi na ya kamati za maji, ambamo kiongozi alifika kutoka mjini, akashika kipaza sauti, akamaliza saa tatu, kisha akauliza kama kuna swali huku amekwisha simama kuondoka. Waya ulikuwepo. Watu walikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema "ova" na kumaanisha.

Fundi mmoja aliwahi kunifungulia sanduku la redio akanionyesha springi ya rilei. Ni kitu chepesi kama unywele. Alinieleza kwamba redio ikiwa imewashwa na haijaguswa na mtu, ulimi ule hulala upande wa kupokea. Umeme unahitajika ili kuupeleka kwenye kusema, na umeme huo si haba: redio ya wati 100 inapokaa kimya ikisikiliza hutumia ampea moja hivi au pungufu, lakini inaposema kwa nguvu zake zote huvuta hadi ampea 20 kutoka katika betri. Vituo vyenye betri moja na paneli moja ya jua vilijifunza haraka kusema maneno machache yaliyopimwa, na kusikiliza siku nzima.